Slapu kwenye besi: ni mbwembwe au ni kazi?

  Nimekuwa adimu kidogo, si mnajua tena mambo ya testi, kazi za makundi ambazo anafanya mtu mmoja wanasaini saba (teh teh teh), na maandalizi ya kwenda kufundisha kwa vitendo. Leo nimepata nafasi, nataka tuongee historia. Tena siyo ile ya Stanley kukutana na Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, ile tumeikariri tangu shule ya msingi mpaka imechuja. Leo ni historia ya kidole gumba.

Ishu yenyewe iko hivi. Kwenye mazoezi ya bendi hapa kampasi kuna ubishi ambao umeota mizizi. Upande mmoja kuna washikaji wanaosema slapu ni mbwembwe za Kimarekani, mpiga besi wa kwetu kazi yake ni kutulia nyuma, kubeba wimbo, basi. Upande wa pili kuna wale wanaokesha na video, wakitoka huko kila wimbo ni gumba tu, hata wimbo wa msiba! Nimewasikiliza wote wawili muhula mzima, na nimegundua hakuna hata mmoja anayeuliza swali ambalo mwalimu yeyote angeanza nalo: hii kitu ilianza kwa sababu gani?

Kwangu swali hili siyo la kupigia soga tu. Mimi ni mtoto wa Simbo, Kigoma Vijijini. Kule nyumbani kuna kikundi cha vijana wa kwaya ambacho kina gitaa moja la besi, kinanda, spika mbili na jenereta ya kuazima. Mpiga dramu hawana. Aliyekuwepo ameenda Dar kutafuta maisha, na ngozi ya sneya ilishapasuka siku nyingi. Likizo hii nimeombwa nikamfundishe dogo mmoja besi, na nina wiki 3 tu. Sasa nimfundishe nini kwanza? Kama slapu ni mbwembwe, nitakuwa nimempotezea muda na watu watachoka kumsikiliza. Kama ni kazi, basi huenda ndiyo kitu pekee kitakachofanya kikundi kile kichezeke bila dramu. Ndiyo maana nikaamua kwenda kwenye historia.

Kwa wale wasiopiga chombo, nieleze haraka. Slapu ni namna ya kupiga gitaa la besi ambapo huchezeshi nyuzi taratibu kwa ncha za vidole. Unaugonga uzi mnene kwa ubavu wa kidole gumba mpaka unagonga vyuma vya shingo ya gitaa, halafu unauvuta uzi mwembamba kwa kidole cha shahada na kuuachia ghafla urudi kwa kishindo. Gumba linatoa "dum", shahada inatoa "ta". Shikeni hizo sauti mbili, dum na ta, maana historia yote imejificha humo.

ILIKOANZIA: BESI KUBWA YA KUSIMAMA

Watu wengi wanadhani slapu ilianza na gitaa la umeme. Hapana. Kabla ya hapo kulikuwa na besi kubwa ya kusimama, ile ya mbao inayofanana na fidla iliyokua ikapitiliza. Waliowahi kuangalia vikundi vya taarab vya Zanzibar wanaijua, mpigaji anasimama nayo kama anamkumbatia mtu mzima. Kule New Orleans, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, wapigaji wa jazi walikuwa na tatizo moja kubwa: hakukuwa na amplifaya. Fikiria uko katikati ya tarumbeta, tromboni na klarineti, na wewe unachezesha nyuzi kwa vidole. Nani atakusikia? Basi wakaanza kuuvuta uzi kwa nguvu na kuuachia ugonge ubao, na wengine wakaongeza kupiga ule ubao kwa kiganja. Wapigaji kama Pops Foster na Wellman Braud, yule aliyekuwa na bendi ya Duke Ellington, walijulikana kwa mtindo huo miaka ya 1920 na 1930.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ilikuwa njaa ya sauti. Mtu hakusikika, akatafuta njia ya kusikika.

Sogea mbele mpaka Julai 1954, Memphis. Kijana mmoja anaitwa Elvis Presley anarekodi wimbo wake wa kwanza wa kutoka kwenye studio ya Sun, "That's All Right". Sikilizeni ule wimbo kwa makini. Kuna Elvis mwenyewe na gitaa lake, kuna Scotty Moore kwenye gitaa la umeme, na kuna Bill Black kwenye besi ya kusimama. Basi! Mpiga dramu hayupo. Lakini mguu wako unacheza, na ukijiuliza kinachouchezesha ni nini, utakuta ni mkono wa Bill Black unaogonga nyuzi na ubao, dum-ta, dum-ta. Besi na dramu kwa mshahara wa mtu mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Sababu ya pili siyo sauti, ni pengo. Mtu hayupo, na kazi yake lazima ifanyike.

MAMA, MTOTO NA DRAMU ILIYOKOSEKANA

Mwaka 1951 Leo Fender aliingiza sokoni gitaa la besi la umeme aliloliita Precision. Aliliita hivyo kwa sababu shingo yake ilikuwa na vyuma, unabonyeza mahali fulani na noti inatoka palepale, hakuna kubahatisha. Pia lilibebeka begani na kuchomekwa kwenye amplifaya, kwa hiyo ile njaa ya sauti ikaisha. Kwa hesabu za kawaida slapu ingekufa hapo, maana sababu yake ya kwanza ilikuwa imeondoka. Na kweli, kwa miaka mingi wapigaji wengi wa besi ya umeme walitumia vidole au piki, taratibu tu.

Anaingia Larry Graham. Huyu bwana alizaliwa mwaka 1946 Beaumont, Texas, akakulia Oakland, California. Mama yake, Dell Graham, alikuwa anapiga piano na kuimba kwenye kumbi za usiku, na kijana alikuwa kwenye bendi ya mama. Mwanzoni Larry alikuwa anapiga gitaa la kawaida, huku miguu yake ikikanyaga pedali za ogani kutoa sauti za besi. Siku ogani ikaharibika. Akakodi gitaa la besi liwasaidie kwa muda tu mpaka ogani itengenezwe. Ogani haikutengenezeka, na yule kijana wa gitaa akajikuta amekuwa mpiga besi bila kupanga.

Baadaye mpiga dramu naye akaondoka. Wakabaki wawili, mama kwenye piano na mtoto kwenye besi. Sasa watu wanakuja kucheza na dramu hakuna, utafanyaje? Larry akaanza kuugonga uzi mnene kwa gumba ili apate lile dramu kubwa la chini linalopigwa kwa mguu, na kuuvuta uzi mwembamba kwa kidole ili apate sneya. Dum kwa gumba, ta kwa shahada. Hakukusudia kuanzisha mtindo, alikuwa anaziba pengo kwenye kazi ya mama yake. Mwenyewe mpaka leo huwa haiiti slapu, jina lake kwa Kiswahili chetu tungesema "kudunda na kudonoa".

Kuna dada mmoja mshabiki wao ambaye hakukubali yaishie pale. Alikuwa anapiga simu redioni kila mara kumwambia mtangazaji mmoja aende akamsikie kijana huyo. Mtangazaji yule alikuwa Sly Stone, ambaye alikuwa anaunda bendi. Akaenda, akasikia, akamchukua, na Larry akawa mpiga besi wa Sly and the Family Stone. Desemba 1969 bendi ikatoa "Thank You (Falettinme Be Mice Elf Agin)", na Februari 1970 wimbo ukashika namba 1 Marekani. Dunia nzima ikasikia gumba la Larry.

Sasa oneni kilichotokea baada ya hapo, maana hapa ndipo ubishi wetu wa kampasi unapozaliwa. Kwenye bendi ya Sly dramu ilikuwepo. Pengo halikuwepo tena, lakini sauti ilishapendwa. Wakaja kina Louis Johnson, aliyepiga besi kwenye albamu ya Michael Jackson "Off the Wall" ya mwaka 1979, akaja Stanley Clarke, Marcus Miller, Mark King wa Level 42 kule Uingereza, na kila mmoja akaongeza kasi na manjonjo. Kitu kilichozaliwa kama kazi kikawa pia maonyesho. Kwa hiyo wanaosema ni mbwembwe hawajakosea sana, isipokuwa wameanza kusoma kitabu kuanzia sura ya 3.

MWAKA ULEULE, DAR ES SALAAM

Hapa nyumbani mambo yalikuwaje? Mwaka 1969 ulikuwa mwaka wa moto. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969: vimini marufuku, mawigi marufuku, suruali za kubana marufuku. Kisha Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul kwenye madansi ya Dar es Salaam, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya mkoa huo. Ilionekana ni muziki wa kigeni unaoharibu vijana.

Angalieni tarehe hizo wadau. Novemba 1969 soul inafungiwa Dar. Desemba 1969 rekodi iliyoitangaza slapu kwa dunia inatoka Marekani. Mlango umefungwa mwezi mmoja tu kabla mgeni hajabisha hodi!

Ni rahisi kusema basi, ndiyo maana bendi zetu za dansi hazikupiga slapu. Mimi sikubaliani. Marufuku ya namna ile huwa haizuii masikio. Miaka ya 1970 vijana wa Dar waliendelea kupiga vitu vyenye harufu ya soul na roki, na Sunburst wakatoa albamu nzima, "Ave Africa", mwaka 1976. Wapiga besi wa mjini kwa vyovyote walikuwa wanasikia kinachoendelea duniani. Kama wangeihitaji slapu wangeichukua, kama walivyochukua magitaa ya umeme na saksafoni, vitu ambavyo navyo havikuota Kariakoo.

Sababu ninayoiona mimi ni hii: pengo halikuwepo. Hebu hesabuni jukwaa la bendi ya dansi. Kuna dramu, kuna tumba, mara nyingi kuna mtu wa manyanga, kuna gitaa la ridhimu linalokata kama panga, kuna solo ya pili, kuna solo. Na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ule mdundo wa kavacha, uliotangazwa sana na vijana wa Zaiko Langa Langa wa Kinshasa, ukavuka mipaka ukaingia Tanzania na Kenya. Kwenye kavacha sneya inakimbia mfululizo bila kupumua. Sasa mpiga besi naye akianza "ta, ta, ta" juu ya sneya ile, wimbo utabaki salama? Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Mpiga besi wa rumba alikuwa na kazi nyingine, na siyo ndogo. Yeye anaacha nafasi. Anapiga noti mbili tatu nzito, ananyamaza, anarudi, na ule ukimya wake ndio unaowapa wachezaji mahali pa kuweka nyonga. Kila mtu anamjua Franco wa OK Jazz, lakini wangapi wanamjua Mpudi Decca aliyembebea nyimbo kwenye besi? Wacheza dansi walimjua kwa miguu yao hata kama jina hawakulijua.

Kwa hiyo wale washikaji wanaosema "mpiga besi wa kwetu anatulia" wako sahihi kuhusu bendi za aina ile, zenye watu 10 mpaka 15 jukwaani. Lakini je, muziki wa kwetu wote ulikuwa wa watu 15?

GUMBA LA NG'AMBO YA ZIWA

Hapa sasa narudi upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Ukisimama ufukweni Kigoma jioni ukatazama machweo, unatazama Kongo. Ng'ambo ile, ukishuka kusini mpaka Katanga, kwenye miji ya migodi, miaka ya 1950 kulikuwa na vijana wanatembea na gitaa moja kavu, bila umeme, bila bendi. Mkubwa wao ni Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya, aliyezaliwa mwaka 1930. Hugh Tracey, yule mzee aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukawa maarufu mpaka leo watu wanausomea vyuo vikuu.

Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene chini, linashika besi na mdundo. Shahada inachezea nyuzi nyembamba, inaimba. Ukisikia bila kuona unaweza kuapa kwamba ni watu wawili. Wapigaji wa namna hiyo, na wenzao wa Nairobi ambako Mwenda alikuja kufika na kuigwa sana, wakati mwingine walisindikizwa na mtu anagonga chupa ya soda tu. Hiyo chupa ndiyo dramu yenyewe.

Mnaona nilichoona? Miaka 17 kabla gumba la Larry Graham halijasikika duniani, kwenye dunia yetu ya Kiswahili gumba lilishakuwa linafanya kazi ya mtu asiyekuwepo, na shahada inafanya kazi ya mwingine. Simaanishi Larry aliiba Katanga, wala sidai Mwenda alipiga slapu, maana yeye hakugonga wala kudonoa, na gitaa lake halikuwa besi. Ninachosema ni kwamba shida inayofanana ilizaa akili inayofanana. Wachache jukwaani, wengi wanataka kucheza, basi gawanya mkono wako uwe watu wawili.

Na siyo upande wa magharibi tu. Fuata ziwa kusini. MV Liemba, meli iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Goetzen, kwa miaka mingi ilibeba watu na mizigo yao kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia. Huko Zambia, hasa upande wa Luapula, kuna muziki unaitwa kalindula, na jina hilo linatokana na chombo chenyewe: besi ya kutengeneza kwa mikono, ya uzi mmoja. Malawi wana ndugu yake, babatoni, ndefu kuliko mpigaji. Madalitso Band wa Malawi wanaipiga mpaka leo, na wao ni wawili tu! Mmoja ana gitaa la nyuzi 4 huku mguu wake unapiga ngoma, mwenzake yuko kwenye babatoni. Wawili hao wanachezesha uwanja mzima.

Kwa hiyo ukiniambia kwamba besi inayodunda kama ngoma ni ya Wamarekani peke yao, nitakuomba upande basi uende ziwani ukapoe kichwa.

PENGO LA SIKU HIZI

Kuna jambo lingine ambalo historia hii imenifungua macho. Zamani mpiga besi alikuwa anaziba pengo la mpiga dramu. Kuanzia miaka ya 1990, bongo fleva ilivyopanda, pengo likageuka: besi nyingi za studio zikawa zinatengenezwa kwenye kinanda na kompyuta, na mpiga besi mwenyewe akawa ndiye anayekosekana. Mkoa wetu umetoa mastaa wa kutosha. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika wakatoa "Leka Dutigite" kwa jina la Kigoma All Stars, akiwemo Diamond, Mwasiti, Linex na wengine, na sisi wa huko tulitembea vifua mbele mwaka mzima. Lakini muulize kijana yeyote wa Mwandiga au Simbo akutajie waimbaji 10 wa Kigoma, atakutajia bila kupumua. Muulize wapiga besi 2. Kimya.

Gitaa la besi limebaki kwa kiasi kikubwa makanisani na kwenye bendi chache za mahotelini. Kule ndiko vijana wanakutana na slapu, kupitia kwaya za Afrika Kusini kama Joyous Celebration, iliyoanzishwa mwaka 1994, na kupitia video za mtandaoni. Wanaikuta ikiwa tayari imeiva, imepambwa, ina kasi ya kutisha, bila mtu wa kuwaambia kwamba ilianza polepole kwenye bendi ya mama na mwanawe.

SASA NITAMFUNDISHAJE YULE DOGO?

Darasani tunaambiwa mwalimu aanze na kinachojulikana aende kwenye kisichojulikana. Dogo wa Simbo anaijua ngoma tangu tumboni. Basi somo langu linafuata njia ileile ya historia:

1. Dramu kwanza, besi baadaye. Siku 2 za mwanzo hagusi gitaa. Anaimba "dum, ta, dum-dum, ta" kwa mdomo huku anajipiga mapajani, mkono mmoja dum, mwingine ta. Asipoweza kwa mapaja hawezi kwa nyuzi.

2. Gumba peke yake. Anapiga uzi mnene ukiwa wazi, pale shingo ya gitaa inapoishia. Anatumia ule mfupa wa ubavuni mwa gumba. Nguvu haitoki kwenye gumba, inatoka kwenye kuzungusha mkono kama mtu anafungua kitasa. Gumba likigonga linaruka palepale, maana likibaki juu ya uzi linaua sauti. Wiki ya kwanza yote iishie hapa, hata akilalamika.

3. Kudonoa. Ncha ya shahada inaingia kidogo tu chini ya uzi, unavuta, unaachia. Wengi wanachimbiza kidole kama wanatafuta sarafu kwenye mchanga, matokeo yake wanachelewa na nyuzi zinakatika. Hapa aanze na noti moja kwa sauti mbili: gumba kwenye uzi mnene kabisa, chuma cha 3, kudonoa kwenye uzi wa pili kutoka chini, chuma cha 5. Ni noti ileile, moja nene na moja nyembamba. Dum na ta.

4. Noti bubu. Mkono wa kushoto unalala juu ya nyuzi bila kubonyeza, wa kulia unagonga. Inatoka "tk" isiyo na noti. Hizo ndizo kayamba zako. Ukiziweka katikati ya dum na ta, bendi ya watu 3 inaanza kusikika kama ya watu 5.

5. Polepole. Mapigo 60 kwa dakika, na hapandi mpaka apige dakika 3 mfululizo bila kuyumba. Akipanda, anapanda 5 tu. Malengelenge kwenye ngozi ya kidole ni kawaida, lakini kiwiko au kifundo cha mkono kikiuma anapumzika siku hiyo, hakuna ushujaa.

6. Umeme ukikosekana, asiache kupiga. Aegemeze kichwa cha gitaa kwenye mlango au kabati la mbao, atasikia besi yake kwenye mbao. Jenereta ya kuazima siyo ya mazoezi.

Na kwa wale wanaokata tamaa baada ya kusikia vipande vigumu, nawapa siri moja. Kile kipande maarufu cha besi kwenye "You Can Call Me Al" ya Paul Simon, kwenye albamu ya "Graceland" ya mwaka 1986, kilipigwa na Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini. Alipiga nusu ya kwanza, halafu studio wakageuza mkanda ukacheza kinyumenyume kupata nusu ya pili. Watu wamelala na kuamka miaka na miaka wakitafuta kidole cha kupiga kitu ambacho mkanda uligeuzwa! Fundi ni fundi, lakini sikio lako nalo lijue linachosikia.

Somo la mwisho, na ndilo nitakalolisisitiza kuliko yote: siku mpiga dramu akirudi Simbo na sneya ikapata ngozi mpya, dogo anyamazishe gumba. Ampishe. Arudi kwenye vidole, apige kama wazee wa rumba, noti chache, nafasi nyingi. Anayejua kwa nini alianza kugonga atajua pia lini aache. Yule aliyejifunza kwa kuiga kasi tu hatajua, ndiye huyo anayeslapu kwenye wimbo wa msiba.

Kwa hiyo wadau wa ubishi, hukumu yangu ni hii. Kabla hujapiga, hesabu waliopo jukwaani. Kama dramu, tumba na ridhimu vipo, tulia, ndugu yangu, kazi yako ni nyingine na ina heshima yake. Kama mko wawili watatu na watu wanataka kucheza, gonga bila aibu, hiyo siyo mbwembwe hata kidogo. Mama Dell Graham aliihitaji, Bill Black aliifanya, na gumba la Katanga lilikuwa na mantiki hiyohiyo kabla babu zetu wengi hawajaona redio.

Naomba kitu kimoja kabla sijaondoka. Wengi wenu mnaenda mikoani likizo hii. Kwenye kila mji kuna mzee mmoja aliyewahi kupiga besi kwenye bendi ya wilaya, ya shirika au ya jeshi, na hakuna aliyewahi kumuuliza chochote, maana maswali yote huwa anaulizwa mwimbaji. Mtafuteni, mwamkieni vizuri, muulizeni alikuwa anapigaje na nani alimfundisha. Akiruhusu, mrekodini kwa simu, hata dakika 10 zinatosha. Mimi nitaanza na wa Ujiji na Simbo.

Haya, tuko pamoja. Jumatatu kuna testi na bado sijagusa hata ukurasa mmoja.